Mpole, Mgawa Maji ya Ndiva

Jumatatu, 1 Septemba

Msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, tangu alfajiri. Kijiji kizima tumo ndani ya ndiva, tunatoa tope ili bwawa lishike maji mengi zaidi kabla jua halijamaliza tangawizi zetu. Nilipewa chepe. Mimi, fundi simu na mwenye fotokopi pekee hapa Myamba! Chepe!

Habari kubwa ya leo: Mzee Tumainieli anaachia ngazi. Goti limemshinda. Miaka ishirini na mbili amekuwa msimamizi wa ndiva, yeye ndiye anayepanga nani afungulie maji lini. Uchaguzi ni Jumapili ya tarehe 14. Wagombea wawili: mimi, na Gadiel mwenye mashine ya kusaga. Gadiel ana sauti kubwa na kaunta buku jipya. Kaunta buku! Enzi hizi!

Nimekuwa nikijifurahisha tangu mwezi wa sita na roboti la kujibu meseji. Si la miguu na mikono. Ni programu tu, inakaa kwenye simu ya zamani, mtu akituma meseji inamjibu kama mtu. Lilikuwa la mchezo. Sasa nimeona kazi yake.

Maana Mzee Tumainieli anafanyaje? Kila jioni anazunguka kwa miguu nyumba kumi na nane, anamwambia kila mtu zamu yake. Nyumba ya mwisho ni ya Bibi Rogathe, mzaa mama yangu, mwalimu mstaafu, anayeishi peke yake juu kabisa ya ndiva. Huko anakunywa chai. Nimepiga hesabu: saa mbili na nusu kila siku. Roboti litatumia sekunde mbili, na halinywi chai.

Nilimweleza mke wangu Fortunata. Akauliza mimi mwenyewe nilipanda lini kwa Bibi mara ya mwisho. Nikamwambia hiyo siyo mada.

Jumanne, 2 Septemba

Roboti nimelipa jina: Mpole. Siku nzima namfundisha adabu. Laptopu yangu ukichomoa waya inakufa palepale, kwa hiyo umeme ulipokatika nilimfundisha mara mbili.

Tatizo la kwanza ni salamu. Mpole hajui aliyeandika ana umri gani. Nikaamua awaamkie wote shikamoo. Hakuna aliyewahi kukasirika kwa kuamkiwa, nilifikiri. Nikamwomba mteja ajaribu, binti wa darasa la sita aliyeleta karatasi za mtihani. Mpole akamwandikia shikamoo. Binti akajibu marahaba bila hata kupepesa macho, akataka fotokopi kwa bei ya mjukuu.

Nimerekebisha. Sasa anasema habari za leo. Baridi kidogo, lakini salama.

Jumatano, 3 Septemba

Nimekwenda kwa Mzee kuomba laini yake ya simu. Namba ile kila mtu anaijua, hata vikongwe wameikariri. Mpole akiwa nayo, hakuna wa kufundishwa kitu kipya.

Mzee hakutaka. Aliuliza Mpole ataonaje mfereji ukibomoka. Aliuliza nani atamfungulia Bibi Rogathe lango la maji shambani kwake, maana huwa anamfungulia yeye. Nilimwambia apumzishe goti, mengine ni madogo. Kisha akatoa laini na kunipa polepole, kama mama anayemkabidhi nesi mtoto wa kuchanjwa.

Akanipa na sheria, zote ziko kichwani mwake. Nyumba yenye mgonjwa, mzazi wa mtoto mchanga au matanga inatangulia, bila ubishi. Msiba ukitokea, nyumba zote ziarifiwe. Na siku ya msiba jembe halishiki ardhi wala ndiva haifunguliwi. Nimeandika zote ndani ya Mpole, neno kwa neno. Asije mtu akasema kijana hakuheshimu mila.

Alhamisi, 4 Septemba

Ushindi! Saa kumi na mbili jioni nyumba kumi na nane zimepata zamu zao kwa mpigo mmoja. Mwenyekiti alipita dukani kunipongeza. Alisema hata Same mjini hawana. Gadiel alikuwa amesimama pale na kaunta buku kwapani, akajifanya anatazama bei ya kava za simu.

Bibi Rogathe alijibu meseji kwa herufi safi na nukta mahali pake: "Asante, Tumainieli. Nimekusubiri jioni hii. Je, goti linauma?" Mpole akamjibu kwamba zamu yake ijayo ni Alhamisi ya tarehe 11 alfajiri. Jibu zuri, lenye habari kamili.

Wakati wa kufunga duka nilimwona Mzee amekaa nje kwake, anatazama njia ya kupanda. Alikuwa amevaa viatu.

Jumamosi, 6 Septemba

Gadiel amefiwa. Ameandika kwamba baba yake mdogo, mzee Yahaya, amefariki. Mpole alimpa pole nzuri sana, akamsogeza hadi zamu ya kwanza Jumatatu, akazitangazia nyumba zote.

Nilikuwa katikati ya chakula cha mchana ndipo nikakumbuka. Mzee Yahaya alizikwa nikiwa kidato cha kwanza. Nilikula wali pale. Nilirudia!

Lakini meseji zimeshakwenda, na mtu hawezi kuuondoa msiba kwa meseji nyingine. Ungeandikaje? Samahani, marehemu alikwisha kufa?

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya ibada watu walipanda kwa Gadiel na kuni, unga, sukari na mikeka. Nami nilikwenda, kwa adabu. Alitoka na kitambaa cha uso akakuta kina mama arobaini uani wanaulizana maiti iko wapi. Ilibidi aseme kifo kilikuwa cha zamani ila uchungu umemrudia. Shangazi zake hawakumwelewa. Wakamkalisha chini wakamwombolezea Yahaya upya, na Gadiel akachinja mbuzi.

Nilirudi nyumbani nimefurahi kupita kiasi. Nikafungua simu ya Mpole. Misiba mingine miwili. Wagonjwa wanne. Mzazi mmoja, ambaye ana miaka sitini na nane. Watu wameona njia ya mkato ya kupata maji, na wote wameipita kwa pamoja. Mpole amewapa pole wote, amewatanguliza wote, ametangaza vyote.

Jumatatu, 8 Septemba

Misiba mitatu imetangazwa, kwa hiyo ndiva haikufunguliwa. Hakuna aliyethubutu kugusa kizibo, hata wale walioua ndugu zao wenyewe. Maji yalijaa, yakafurika, yakashuka korongoni mpaka tambarare. Ng'ombe wa kijiji cha Kisiwani kule chini watakuwa wamekunywa maji ya tangawizi zetu. Majani yameanza kuwa ya njano. Gadiel alipata zamu ya kwanza katika siku isiyo na zamu.

Mwenyekiti alinipigia. Hakusema mengi. Aliniuliza kama natambua kwamba Jumapili kuna uchaguzi.

Nimemrekebisha Mpole. Tatizo lake ni moyo laini, anaamini kila mtu. Kuanzia leo haamini mtu. Ukimwandikia ugonjwa, kifo, kuzaa au balaa lolote, anajibu: "Pole. Zamu yako iko palepale." Basi. Hakuna kutanguliza, hakuna kutangaza.

Fortunata aliuliza aliyeumwa kweli atafanyaje. Nikasema atapiga simu. Akasema wagonjwa wengi hawana vocha, na simu yenyewe nimeizima sauti isinisumbue dukani. Nikamwambia haelewi mambo ya programu. Akaenda kusonga ugali.

Jumatano, 10 Septemba

Amani. Wafu wamefufuka, wagonjwa wamepona, bibi wa miaka sitini na nane hana tena mtoto. Zamu zinakwenda kama saa.

Mzee Tumainieli alikuja dukani kuuliza Bibi Rogathe anaendeleaje. Ni siku saba hajamwona. Nilifungua simu nikamwonyesha kwamba meseji zake zote zimejibiwa. Aliomba nimsomee alichoandika. Kulikuwa na mteja wa pasipoti saizi, nikamwambia baadaye. Nilisahau.

Ijumaa, 12 Septemba

Naandika hospitalini, kwenye benchi la nje.

Jana alfajiri Bibi alishuka shambani kufungua maji mwenyewe, maana ilikuwa zamu yake na hakuna aliyekuja kumfungulia. Ukingo wa tuta ulikuwa umelowa. Akateleza, akaanguka hatua nne chini. Mkono umevunjika na nyonga imeteguka. Hakuweza kuinuka.

Alikuwa na simu yake ya kitochi mfukoni, na kifurushi cha meseji tu, nilichomwekea mimi. Alimwandikia mtu aliyezoea kumwandikia. Nimezisoma zote usiku wa kuamkia leo na sitaweza kuzisahau, kwa hiyo naziandika.

Saa moja kasoro asubuhi: "Tumainieli, nimeanguka kwenye tuta la juu. Siwezi kusimama." Mpole: "Pole. Zamu yako iko palepale."

Saa moja na nusu: "Sizungumzii zamu. Mkono umevunjika, nadhani. Tafadhali, pita." Mpole: "Pole. Zamu yako iko palepale."

Kisha alibipu mara tano.

Saa nne: "Kama kuna jambo nimekukosea, Tumainieli, nisamehe." Hapo hakukuwa na neno la ugonjwa wala la msiba. Mpole hakuelewa, akamjibu kama anavyojibu chochote asichokielewa: "Asante kwa ujumbe wako. Uwe na siku njema."

Baada ya hapo hakuandika tena.

Mimi nilikuwa dukani. Nilikuwa nimefurahi. Niliona taa ya simu ikiwaka-waka nikajua kazi inakwenda. Hata nilihesabu meseji za asubuhi, arobaini na moja, nikamtajia mteja. Sikusoma hata moja.

Aliyemwokoa ni maji. Alasiri Mzee Tumainieli aliona maji yanashuka njiani mbele ya nyumba yake, hayana mwenyewe. Anasema hakufikiri mara mbili. Miaka ishirini na mbili Bibi Rogathe hajawahi kuacha hata ndoo moja impotee. Akachukua fimbo akapanda kilima kile na goti lile. Alimkuta saa kumi. Alianza kupiga yowe, na yowe likashuka nyumba kwa nyumba mpaka likanifikia.

Tulimshusha kwa kitanda cha kamba hadi barabarani. Gadiel alishika mbele, sehemu nzito zaidi, njia nzima. Hakunisema hata neno moja. Ningependa angenisema.

Leo asubuhi Bibi aliamka, mkono umefungwa plasta. Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza kwa nini Tumainieli alimwandikia vile. Nikamwambia hakuwa Tumainieli, ni mashine yangu. Alifunga macho. Nikadhani amelala. Kisha akasema maumivu ya mkono aliyaweza, ila kutwa nzima pale chini alikuwa anatafuta kosa alilomfanyia rafiki yake, na hakulipata.

Nilitoka nje nikalia. Nina miaka thelathini na mmoja na nililia mbele ya watu wanaosubiri kadi. Namba yangu anayo kwenye simu ile. Hakuitafuta, hata wazo hilo halikumjia. Kutoka dukani kwangu hadi kwake ni dakika ishirini.

Jumapili, 14 Septemba

Mkutano chini ya ukuta wa ndiva, baada ya ibada. Nilisimama kabla sijaitwa. Nikasema yote: moyo laini, moyo mgumu, simu bila sauti, meseji arobaini na moja. Nikasoma na za Bibi. Nikamrudishia Mzee Tumainieli laini yake mbele ya watu. Aliipokea kwa mikono miwili. Simu ya Mpole nimeizima na kuitoa betri.

Gadiel naye akasimama, akasema hata yeye ana lake, alimzika baba yake mdogo mara mbili. Watu walicheka mpaka wakashika ukuta. Kisha kicheko kikakatika, maana wengi pale walikuwa na mgonjwa wao wa uongo.

Kura zikapigwa. Gadiel kumi na saba. Mimi moja, na si ya Fortunata, niliuliza. Sharti wamempa Gadiel: azunguke kwa miguu kila jioni, nyumba zote. Kaunta buku abaki nalo kama anapenda.

Mimi nimepigwa faini kwa mila. Si mbuzi, si pombe. Mzee Tumainieli ndiye aliyeitaja: mwezi mzima nipande kwa Bibi Rogathe kila jioni, nikae mpaka chai iishe. Watu wakasema faini ni ndogo mno. Mzee akasema tuone.

Jumatano, 17 Septemba

Bibi amerudi nyumbani jana. Nimepanda jioni mbili.

Ya kwanza ilikuwa ngumu. Tulinyamaza. Nilikuwa natazama saa. Bibi aliniuliza kama nina haraka, nikasema hapana, akasema basi nisitazame saa.

Leo imekuwa tofauti. Alinieleza jinsi alivyofika Myamba na sanduku la bati akiwa mwalimu wa miaka ishirini na moja, na jinsi mama yangu alivyokuwa akiogopa bata. Mama yangu! Sikujua. Mzee Tumainieli naye alifika, kwa goti lake, na wakanyamaza pamoja kwa namna ambayo haikuwa nzito kabisa. Alimfungulia Bibi dirisha, akatazama paa, akagusa kuni kama zimekauka, akaondoka. Hakuuliza hata swali moja la afya, lakini nilipomkuta chini alinieleza Bibi amekula nini na hajala nini.

Nilishuka taratibu. Nadhani nimeelewa kitu. Ile safari ya jioni haikuwa ya maji tu. Maji yalikuwa sababu ya kubisha hodi kwenye kila mlango. Nilimwambia Fortunata, akasema hilo hata kuku wanalijua, lakini alinishika mkono.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimepanda. Chai vikombe vitatu. Bibi amenifundisha kumenya ndizi kwa kisu kikubwa bila kujikata, na nimejikata.

Usiku usingizi haukuja. Nawaza kile nilichoelewa. Ni jambo kubwa, haliwezi kuachwa liishie kwenye shajara. Wazee wangapi milimani hapa wako peke yao? Wangapi hawana Tumainieli? Goti la mtu mmoja haliwezi kubeba kijiji.

Jumapili, 21 Septemba

Siku njema mno! Sijasimama tangu asubuhi.

Kosa la Mpole nimeligundua hatimaye. Alikuwa anasubiri aulizwe. Mzee Tumainieli hasubiri, anakwenda mwenyewe. Na Mpole alikuwa anaandika, wakati watu wanataka kusikia sauti. Mambo mawili tu! Nayo yote yanarekebishika.

Kwa hiyo nimerudisha betri. Roboti jipya litapiga simu lenyewe kila jioni saa kumi na mbili, kwa kila mzee anayeishi peke yake. Litamwamkia shikamoo, maana safari hii umri unajulikana. Litamuuliza ameshindaje, amekula nini, kuni zimekauka. Litanyamaza kidogo katikati, nimepima, sekunde nane, kimya kisicho kizito. Litamuuliza kuhusu siku alizofika Myamba. Akicheka, litacheka.

Linatumia sauti yangu. Nimejirekodi tangu saa nane mchana, nimesema pole kwa namna kumi na moja. Bibi atakuwa wa kwanza, bila kujua, ndiyo njia pekee ya kupima kama limefaulu. Litampigia hata siku nikiwa na wateja wengi, hata mvua ikinyesha, hata faini ikiisha. Hatakosa mtu wa kumuuliza habari mpaka mwisho wa maisha yake.

Jina nimeshalipata. Linaitwa Mjukuu.

Leo sikupanda, kazi ilikuwa nyingi. Fortunata amekwenda badala yangu.